Mbwa Mtulivu wa Mama Yangu

Wewe unayenisikiliza, kama unafikiria kununua mbwa mdogo, vuta kiti ukae kwanza. Sitakuzuia. Mbwa ni kitu kizuri nyumbani. Nataka tu nikueleze jinsi sisi tulivyomnunua wetu hapa mjini Kolwezi, Kongo, kwa mtu aliyesimama kando ya barabara ya soko na katoni miguuni, na jinsi tulivyomwona mgonjwa mbele ya macho yetu, tukamsifu.

Nianze na mama yangu, maana mbwa alikuwa wa kwake.

Mama aliishi mtaa wa Kasulo tangu alipoolewa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na mumewe, yaani baba yangu, akafanya kazi hiyo hiyo. Nyumba ya Kasulo ilikuwa jasho lao wote wawili. Halafu watu wa mtaa wakagundua kwamba chini ya sakafu zao kuna madini ya kobalti. Walioamua kuchimba walichimba: chumbani, jikoni, nyuma ya choo. Mama hakuchimba. Lakini shimo halijui mpaka wa lupango, yaani uwanja wa nyumba. Mtu anashuka ardhini kwake, anafuata mstari wa mawe, na siku moja yuko chini ya kitanda chako. Mama alikuwa akilala huku anasikia vyuma vikigonga chini yake, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi upande usio na mlango. Ukuta ulipopasuka kuanzia dirishani mpaka chini, mimi na mume wangu tulimchukua aje akae kwetu, upande wa pili wa mji.

Kwetu hakuna anayechimba. Mama aliendelea kusikia hata hivyo. Alikataa kitanda, akawa anakaa kitini na miguu yake imegusa sakafu, anangoja. Mchana alisinzia juu ya sahani. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Mwisho akaanza kusema habari ya kurudi Kasulo.

"Mama, ile nyumba itaingia mu shimo," nilimwambia.

"Najua. Lakini kule nasikia bile biko. Hapa nasikia bile habiko. Bora kule."

Yaani kule alisikia vyuma vilivyokuwepo kweli, kwetu alisikia visivyokuwepo. Hilo ndilo lililotutisha. Nyumba ile ilikuwa imebaki imesimama kwa mazoea tu, na yeye alitaka kurudi kulala ndani yake.

Kisha akakumbuka mbwa. Jirani yake wa Kasulo alikuwa na mbwa aliyewasikia wachimbaji kabla ya watu. Mbwa huyo aliinuka, akainamisha kichwa, akanguruma akitazama chini. Alipojikunja na kulala, nyumba za karibu zote zilijua kwamba pale chini pametulia. Mama alikuwa akimchungulia kupitia tundu la ukuta wa matofali, na akimwona amelala, na yeye anakwenda kulala.

"Munitafutie imbwa," alisema. "Imbwa ikilala, na mi nitalala."

Mume wangu anaendesha lori kubwa la machimbo kwenye mgodi wa Mashamba, na ni mtu anayeweza kulala hata amesimama. Alicheka. "Mama, imbwa ya kulalisha mutu muzima?"

"Weye unalalaka mu kelele ya mashini sababu uko na masikio ya mashini. Niachie yangu."

Basi nikaenda barabara ya soko. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, shati safi, kofia kichwani. Ndani ya katoni, iliyokuwa ya sabuni, kulikuwa na watoto wa mbwa. Kadhaa walikuwa wakipandana, wakiumana masikio, wakijaribu kutoka. Mmoja alikaa pembeni peke yake, kidevu juu ya miguu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikianza kueleza sikomi. Nilimweleza muuzaji kila kitu: mama, Kasulo, vyuma chini ya sakafu, na kwa nini tunataka mbwa anayejua kutulia. Alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Kisha akaingiza mkono, akamtoa yule wa pembeni.

"Basi, mama, twala hii. Zile zingine ziko na fujo. Hii iko na akili ya mutu mukubwa. Ona: dunia ikitulia, nayo inatulia."

Nilimwuliza kama amechanjwa.

"Sindano yote."

"Na mama yake?"

Akaangua kicheko. "Mama yake? Ile ndo berje ya kweli, ya masikio kusimama. Inakulaka batu! Nikiileta hapa, soko yote itakimbia."

Berje ni aina ya mbwa mkubwa wa ulinzi. Na mimi nikacheka. Nilimpokea mtoto wa mbwa mikononi. Alinukia sabuni. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, gumu kama ngoma ndogo, nikafikiri ameshiba. Pembe za macho yake zilikuwa na maji maji yaliyopanguswa, nikafikiri ni vumbi la barabara. Ukimshika mbwa mdogo mwenye tumbo kubwa, pitisha kidole juu ya mbavu zake. Ukiweza kuzihesabu, hilo si tumbo la shibe, ni tumbo la minyoo. Sasa ninajua. Siku ile nilikuwa natafuta mbwa mtulivu, na mtu akitafuta kitu sana, macho yake humsaidia kukipata.

Mama alimtandikia gunia karibu na kiti chake. Mbwa akalala. Mama akamtazama. Akatazama sakafu, akamtazama tena. Mchana ule ule kichwa chake kikaegemea nyuma, kinywa kikafunguka, akakoroma. Mume wangu aliporudi kazini alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa sala. Alivua viatu vyake vizito akatembea na soksi.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha. Mbwa alilala, mama akalala. Mama alikula bukari yake yote, yaani ugali, na kuuliza kama ndagala, wale dagaa, zimebaki. Mbwa yeye alilamba tu kidogo, akaacha. "Haina tamaa," mama alimsifu. Hakulia, hakukimbia, hakuuma kiatu cha mtu. Wageni waliokuja walionyeshwa mbwa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Habari ya Kasulo ikakoma. Sisi tukashukuru kwa ule utulivu wake, na kila siku ulivyozidi tukazidi kushukuru.

Aliyetufungua macho ni jirani yetu. Yeye na mumewe asili yao ni Maniema, Waislamu, wafanyabiashara. Mume anapeleka mizigo mpaka Dilolo, mke anauza vitenge. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, na kwa miaka yote tumepeana moto wa makaa na chumvi juu yake. Siku hiyo alikuja kusimama kwenye mlango wa lupango, amekusanya kitenge chake juu ya vifundo vya miguu.

"Mama mwalimu, ile imbwa yenu iko wapi?"

"Iko ndani, inalala."

"Tangu muilete, inalala tu? Mi nilisema: sasa kelele itaanza, imbwa itaruka ukuta, itagusa mukeka yangu ya kusalia. Nikatayarisha maneno yote ya kuwagombeza. Sasa maneno inaniozea mu kinywa! Hali yake?"

"Ni ya kutulia," mama alijibu kutoka kitini, kwa fahari.

Jirani alisogea mpaka kizingitini, akainama kumtazama mbwa kwa mbali. Alikaa hivyo muda. Aliponyoosha mgongo, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama yangu, usikasirike. Mutoto wa kutulia hivi, kwetu tunamupelekaka hospitali."

Mama alishuka kitini, akapiga magoti, akamgusa mbwa sikio. Sikio lilikuwa la moto. Alimwinua kichwa, na kichwa kikarudi chini chenyewe. Chini ya tumbo lake gunia lilikuwa limelowa, na ule unyevu ulikuwa na damu.

Tulikwenda kwa daktari wa wanyama, mwanamke kijana mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri. Hakutugombeza, na namshukuru mpaka leo. Alivuta ngozi ya mgongo wa mbwa kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama hema. Akatueleza: ngozi ikibaki hivyo, maji yameisha mwilini. Akafunua mdomo, akatuonyesha fizi, zilikuwa nyeupe. Alisema ametolewa kwa mama yake kabla ya wakati, ana minyoo tele, na juu ya hayo ameshikwa na ule ugonjwa wa kuharisha damu unaowamaliza watoto wa mbwa wasiochanjwa. Ugonjwa huo haukuanzia kwetu. Alikuja nao ndani ya katoni.

"Lakini ilikuwa inatulia muzuri," mama alisema, kama anayeomba.

"Haikuwa inatulia, mama. Ilikuwa inachoka."

Alimtundikia maji, akampiga sindano. Mama alikataa kumwacha peke yake mezani. Alimfunga ndani ya kitenge chake, akaketi naye kwenye benchi. Alimwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa Kiluba cha Kasai ambao nilikuwa sijausikia tangu nilipokuwa mdogo. Mbwa alikufa mchana wa kesho yake, palepale pajani. Kabla ya hapo alifungua macho, akalamba kidole cha mama mara moja. Labda ilikuwa kiu tu. Sitaki kuongeza.

Daktari alituambia jambo lingine muhimu, na wewe ulishike. Ugonjwa ule hauondoki na mbwa. Unabaki sakafuni na kwenye udongo wa uwanja miezi mingi. Tuoshe nyumba na javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, tuchome gunia, tusithubutu kuleta mtoto mwingine wa mbwa. Mbwa mkubwa aliyekwisha kuugua akapona, au aliyechanjwa, huyo anaweza kuingia.

"Udongo tena," mama alisema. "Kila mahali udongo."

Tuliporudi nyumbani alianza kukunja nguo zake. Hakulia, hakumlaumu mtu. Alikuwa amelala vizuri siku zote zile juu ya mateso ya mnyama, hivyo ndivyo alivyoliona, na sasa hakuamini usingizi wowote isipokuwa wa nyumbani kwake. Nilizungumza, nilieleza, nilichora mpaka mchoro wa ule ufa. Alikunja nguo.

Kitu kimoja tu kilimchelewesha. Nyumbani kwetu, hivyo ndivyo nilivyolelewa, mtoto akifia kwa watu, huwezi kukaa kimya. Lazima uende upande wa mama yake, ukasimame mbele yao, useme kwa kinywa chako mwenyewe kwamba mtoto wao amefia mikononi mwako, na jinsi alivyokufa.

"Mama," mume wangu alisema taratibu, "ni imbwa."

"Si ilizaliwa? Basi iko na mama."

Jirani aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Banaenda kilio ya imbwa! Batu ba Kasai, mutaniua!" Aliingia kwake akiwa bado anacheka. Alipotoka alikuwa na kifuko cha unga wa mahindi. "Twala. Mi siende. Lakini kilio, batu habaendake mikono mitupu."

Muuzaji alikuwa mahali pale pale, katoni miguuni. Alipotuona aliinama kushika katoni yake. Nadhani wengi wamewahi kumrudia kwa hasira.

"Mama, mi sijue kitu! Ikitoka hapa inatoka muzima! Kama ilikufa kwenu..."

Mama alimnyooshea mkono, akamwita baba kwa heshima. "Jambo, tata."

Muuzaji aliachia katoni. Akaupokea mkono. "Jambo, mama."

"Tunaleta kilio. Mutoto alikufa. Tunatafuta mama yake, tumujulishe."

Muuzaji alinitazama mimi, akitafuta kwenye uso wangu kama ni mzaha. Kijana wa kuuza vocha za simu kando yake alikuwa amesikia yote. "Tata, utoke!" alipaza sauti. "Bakwe banafika, na unga mu mikono! Upeleke bakwe kwenu!" Barabara nzima ikacheka, na muuzaji naye alianza kucheka, lakini kicheko kikamfia njiani. Akabeba katoni. "Tuende," alisema.

Kwake ni pembeni ya mji, mahali ambapo watu bado wanachimba. Ndani ya lupango kulikuwa na turubai la bluu, na chini ya turubai mbwa jike amefungwa kwa waya wa umeme kwenye ekseli ya lori bovu. Huyo ndiye berje mla watu. Masikio yake yalikuwa yameanguka. Mbavu zote zilionekana, na matiti yalining'inia karibu na ardhi kwa kuzaa bila kupumzika. Alipotuona alitikisa mkia, akalala chali, akatuonyesha tumbo.

"Inakulaka batu," nilisema. Sikuweza kujizuia.

Muuzaji aliangalia chini. "Mama mwalimu, nikuambie kweli. Ile nilikupa, nilijua haitamaliza wiki. Lakini ulisema munataka ya kutulia."

"Na wenzake?"

"Bote balikufa. Hizi mu katoni ni za imbwa ingine."

Alituambia mengine bila kuulizwa. Zamani alikuwa mchimbaji. Shimo lilianguka rafiki yake akiwa ndani, naye hakushuka tena. Mtu mmoja akamwuzia mbwa jike, akamwambia: huyu anazaa, wewe unauza, huna haja ya kwenda chini. "Nikasema Mungu ananipa kazi ya juu ya ardhi." Kuhusu sindano na minyoo, kuhusu kumwacha mtoto kwa mama yake mpaka aweze kula mwenyewe na kucheza, hakuna aliyemweleza. Basi nikamweleza. Hayo hayafuti alichofanya, na nilimwambia hivyo. Lakini alisikiliza, na safari hii hakuwa anatafuta katika maneno yangu kitu cha kuniuzia.

Mama hakungoja somo liishe. Aliomba sufuria, akapika uji wa ule unga, akaupooza kwa kuumimina huku na huku. Kisha akachuchumaa mbele ya mbwa, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Mutoto wako alikufa kwangu," alimwambia. "Hakukufa peke yake. Nilikuwa namushika."

Mbwa alikunywa uji wote, akalamba sufuria mpaka ikasogea. Kisha akaweka kidevu chini. Mara akainua kichwa, masikio yake yaliyoanguka yakasimama nusu, akainamisha shingo upande na kutoa mngurumo mdogo kuelekea ardhini. Mama naye alikuwa ameinua kichwa kabla sijasikia kitu.

"Umesikia?" mama alimwuliza mbwa.

"Ni bale ba jirani," muuzaji alisema. "Shimo yao inapita hapa upande."

Mama alinigeukia, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu Kasulo. Kwake sauti ile ilikuwa na maana hii: masikio yake hayakuharibika. Palipokuwa na kitu, yeye na mbwa walikisikia pamoja. Basi mahali ambapo mbwa hasikii kitu, hakuna kitu.

"Tata," alisema, "unipatie huyu mama. Amezaa, amezika, inatosha. Na mi niko hivyo hivyo. Tutapumuzika bote bawili."

Yeye na muuzaji waliongea pembeni mambo yao, sikuulizwa. Nilichoona ni kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyefungua ule waya, na alichukua muda, kwa sababu ulikuwa umeingia kwenye manyoya.

Tulipita kwa daktari kwanza. Alimtibu minyoo, akamchanja, akasema mbwa kama huyu amekwisha kupita katika ule ugonjwa, udongo wetu hautamshinda. Nyumbani alinusa kila pembe, akazunguka kiti cha mama, akajilaza juu ya miguu yake. Wala hakutulia! Anajikuna, anaota akipiga teke, anabwekea viatu vya mume wangu kila anaporudi. Jumapili moja alisimama kwa miguu ya nyuma akachungulia juu ya ukuta, na jirani akatoka mbio.

"Aa! Sasa ndo imbwa!" alipiga makofi. "Mukuje hapa! Leo nitawagombeza vizuri!" Na alitugombeza kwelikweli, maneno yote aliyokuwa ameyaweka.

Mama alilala wakati wote huo wa kelele. Zile nguo zilizokunjwa zilikaa juu ya kiti, halafu siku moja nikakuta amezirudisha kabatini mwenyewe.

Muuzaji nimemwona tena barabarani. Katoni bado ipo. Sijui kama amebadilika kabisa, na sitaki kukudanganya. Lakini pembeni yake alikuwa amefunga mbwa jike mkubwa kwa kamba laini, na mtu aliyetaka kununua alikuwa amechuchumaa akimshika mbavu.

Fanya kama mtu huyo. Kabla mkono wako haujatoka mfukoni, mwambie muuzaji: nionyeshe mama yake. Mtazame, mguse, kisha ungoje umwone mtoto akila na kucheza na wenzake. Ukinyimwa hayo, hata mtoto awe mtulivu namna gani, mrudishe katoni uende nyumbani.